Saa Kumi na Nne za Angani

4 Machi 1983

Mdogo wangu,

Salamu zitangulie, kwa kuwa hata habari mbaya hupiga hodi kabla ya kuingia. Mama hajambo kwa kadiri yake. Goti la kulia linamtesa, lakini mkongojo ameukataa katakata. Anasema mkongojo ni wa wazee. Kiwandani msumeno mkubwa ulipasuka mwezi uliopita, tukanunua mwingine, na msimamizi wetu Patasi ameufunga kwa mikono yake. Unaimba vizuri kuliko ule wa marehemu baba, ingawa sijathubutu kulisema hilo mbele ya mama.

Sasa keti. Kama umesimama, tafuta mahali uketi.

Kitinda hayupo tena. Mdogo wetu wa mwisho aliuawa Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, uani mwa kiwanda, mbele ya wapasua mbao kumi na mbele yangu. Aliyempiga ni Mapengo, mtoto wa baba mdogo, ambaye kiwanda chake na chetu vinatazamana kama unavyokumbuka. Alimpiga kwa mtaimbo, pigo moja, juu ya sikio. Sikujua kwamba kichwa cha mtu kinaweza kutoa sauti ya ubao mkavu unaopasuka. Aliangukia gogo walilokuwa wakiligombania, lile lililolala juu ya mpaka, kichwa upande wetu na miguu upande wao. Tulimwaga unga wa mbao juu ya damu. Ukainywa, tukamwaga mwingine, nao ukainywa.

Tumemzika. Kiti chake nimekigeuza kikatazama ukuta, kando ya cha baba. Katika vile vitano ambavyo baba alivichonga kutoka gogo moja, vimebaki vitatu vinavyotazama meza: cha mama, changu, na chako ambacho hakijakaliwa kwa miaka minane. Kanuni ya baba unaijua. Neno linalohusu damu halitamkwi mezani kama kuna kiti kitupu.

Njoo.

Dada yako


29 Machi 1983

Dada yangu uliyenibeba mgongoni,

Barua yako imenikuta mzima wa mwili. Baridi ya huku inaanza kulegea. Nimehamishiwa zamu ya mchana pale uwanja wa ndege, tumboni mwa ndege kubwa, ambamo napanga masanduku ya watu waendao makwao. Mpe mama pole ya goti, mwambie na mimi nimeanza kuota mvi, kwa hiyo mkongojo tutaununua mmoja tupokezane.

Nilikaa kama ulivyoniagiza. Nilipoinuka, nilivunja kioo cha mlango kwa ngumi. Mwenye nyumba alipanda ngazi akiuliza kuna nini. Nikamwambia kwetu kuna msiba. Akatazama mkono wangu akasema, "Huo msiba au ugomvi?"

Dada, nina maswali matatu. Umeniandikia pigo, hukuniandikia kilicholitangulia: nani alianza? La pili, wewe ulisimama wapi? La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Rafiki yangu aliyepita huko ameniandikia kwamba Mapengo anatembea barabarani, anafungua kiwanda chake asubuhi na kukifunga jioni. Polisi walimshika siku mbili wakamwachia. Kwa nini?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi ni fimbo ya mbali. Ninyi mko karibu, nyoka yuko ng'ambo ya uwanja, na kiwanda kimejaa mashoka. Kuhusu kiti, baba mwenyewe aliweka mlango katika kanuni yake: asiyeweza kufika humpa mwenzake kiti kwa kauli. Basi kiti changu nimekupa, Dada. Keti katika viwili, utamke neno, na Patasi alitekeleze. Yeye alimpenda Kitinda kuliko mtu yeyote asiye wa damu yetu.

Mapengo asilale mwezi mwingine juu ya ardhi.

Mdogo wako


20 Aprili 1983

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mama ameokota paka mwenye jicho moja akamwita Bwana Mkubwa, na sasa analala kitandani mwa mama kama mwenye nyumba. Mvua zimechelewa, mbao zinakauka haraka kuliko tunavyoweza kuziuza.

Kiti chako nimekirudisha. Sikukipokea, wala sitakipokea. Mlango ule baba aliuweka kwa ajili ya mgonjwa na mfungwa. Hakuuweka kwa ajili ya mtu mwenye miguu miwili na mshahara, anayepanga mizigo ndani ya ndege ile ile inayoruka kuja kwetu. Neno la damu sharti alitamke mtu anayeiona meza, anayemwona mama akisahau chai kikombeni, na atakayeamka kesho yake katika nyumba hiyo hiyo. Ni rahisi kusema "chinja" ukiwa mahali ambapo damu haitakurukia.

Maswali yako yote matatu yana jibu moja. Nitalitoa ukiwa umeketi hapa. Usinidai kwa posta.

Mama ameuliza ni mbali kiasi gani huko uliko. Nimemwambia sijui kilomita, ila nimesikia ni saa kumi na nne za ndege. Akafikiri, akakuna kichwa cha Bwana Mkubwa, kisha akasema, "Saa kumi na nne tu? Basi si mbali. Uchungu wake ulinichukua siku mbili."

Na Patasi nakuomba umwache. Tangu msiba hasemi. Kila jioni wenzake wakiisha kuondoka hubaki ananoa shoka lile lile, na asubuhi halitumii. Mtu wa namna hiyo hachochewi, mdogo wangu. Huwekewa chakula mbele yake na kuulizwa habari za watoto.

Njoo ukae.

Dada yako


14 Mei 1983

Dada mheshimiwa,

Naamini barua hii itawakuta wazima, pamoja na Bwana Mkubwa, ambaye nasikitika kwamba amenitangulia kupata kitanda.

Umeshinda. Nakuja.

Nitakueleza safari ili mama aridhike. Katika chumba chetu cha zamu kuna ramani ukutani, na juu yake uzi mwekundu umevutwa kutoka mji huu hadi mji wetu. Ukiupima ni kilomita elfu tisa na ushei. Lakini ndege haifuati uzi. Hupinda kaskazini kidogo, hukwepa anga za watu waliokorofishana, hutua mahali kunywa mafuta, na hivyo elfu tisa hugeuka elfu kumi. Nitaruka jioni ya tarehe 16 Juni, nitatua kwetu adhuhuri ya tarehe 17. Ni zile saa zako kumi na nne, pamoja na kituo.

Ajabu yake ni hii: barua hupanda ndege hiyo hiyo, nayo huchukua wiki tatu, kwa sababu kila inapofika hulala. Simu ya maandishi, ile telegramu, hutumwa jioni ikapokewa asubuhi. Mtu yuko katikati. Angani hakuna posta, Dada. Kwa saa kumi na nne hakuna anayeweza kuniuliza neno, wala mimi siwezi kulirudisha.

Kazini nimesimamishwa kwa mwezi mmoja. Mwenzangu mmoja alinitania kwamba kwetu watu huzaliwa wakiwa na mashoka mkononi. Nilimpiga mara mbili kabla hajamaliza kucheka. Pigo la pili lilimvunja taya. Waliponishika bado nilikuwa natafuta la tatu. Nakuandikia haya usije ukayasikia kwa mwingine.

Nimeacha kuuliza maswali yangu. Patasi hufungua kiwanda asubuhi saa ngapi siku hizi? Nitampelekea simu ya maandishi siku ya kuondoka, juu ya gari la kunipokea. Usijisumbue wewe.

Mdogo wako anayekuja


8 Juni 1983

Mdogo wangu,

Najua kalamu hii inashindana na ndege, na huenda ikashindwa. Hata hivyo naandika, kwa sababu tangu nisome "nakuja" sijatulia, na mtu asiyetulia heri aandike kuliko awapigie watoto wa watu kelele kiwandani.

Mama anapika kwa furaha vyakula ambavyo vitaharibika kabla hujafika. Bwana Mkubwa amehamishwa chumba, kwa maandamano.

Nilisema jibu nitalitoa ukiwa umeketi. Nimebadili nia. Sitaki uingie nyumbani na kisu moyoni halafu mimi ndiye nikitoe mbele ya mama.

Aliyeanza ni Kitinda. Mapengo alikuja kuomba gogo lisukumwe upande wake kwa kuwa lilikuwa limekatwa katika shamba lake, na kwa haki ya Mungu lilikuwa lake. Alikuja mikono mitupu, anacheka kwa lile pengo lake. Akasema, "Mdogo wangu, hili gogo limelala kwenu usiku mmoja tu, msilifanye raia." Wapasua mbao wakacheka. Kitinda hakucheka. Aliingia bandani akatoka na shoka, na alipokuwa akija alikuwa akipaza sauti, na aliyoyapaza yalikuwa maneno yako. Uliyomwandikia mwezi wa kwanza: "Mimi ningekuwa karibu ningeukata mkono unaovuka mpaka. Wewe uliye karibu, shoka lako ni la kupamba ukuta?" Aliyarudia yote, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma shairi la shule. Kisha akapiga. Shoka lilizama begani kwa Mapengo hadi mfupani. Akalichomoa, akalinyanyua tena. Hapo ndipo Mapengo alipookota mtaimbo kwa mkono uliobaki.

Nilisimama hatua chache kutoka kwao. Polisi waliponiuliza nilichoona, nilisema nilichoona. Mapengo aliachiwa kwa ushahidi wangu. Sasa unajua kwa nini sikukujibu.

Jana nilivuka uwanja nikaenda kwake. Mkono wake wa kushoto hauinuki tena. Nikamwambia, "Yule wa mbali anakuja tarehe 17. Uje asubuhi uketi nasi kabla hajafika, akukute ndani kama ndugu."

Akasema, "Dada, atanichinja."

"Hatamchinja mtu mbele ya mama."

"Unamjua vizuri?"

"Nilimwogesha mimi."

Akacheka kidogo, akasema basi mtu aliyeogeshwa na wewe lazima alitakata, maana ulikuwa unatusugua kama masufuria. Amekubali. Atakuja.

Kwa hiyo njoo bila neno lolote mdomoni. Neno tutalitafuta pamoja, viti vyote vikiwa na watu.

Dada yako


17 Juni 1983, kwa mkono wa dereva, uwanja wa ndege

Mdogo wangu,

Wakati naandika haya uko juu, na jua linakupiga dirishani. Dereva atasimama mlangoni akupe karatasi hii kabla hujamsalimu mtu. Barua yangu ya tarehe 8 najua hukuipata; mmepishana angani. Itakapofika kule, mwenye nyumba wako ataipokea. Ilikuwa na habari moja kubwa: Kitinda ndiye aliyeanza, kwa shoka, akiyapaza maneno uliyomwandikia wewe. Mapengo alijikinga. Mimi ndimi shahidi niliyefanya aachiwe.

Leo asubuhi Mapengo alikuja kama alivyoahidi, mapema, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa amebeba lile shoka la Kitinda limefungwa gunia, alirudishe. Akasimama kizingitini. Mama akamvutia kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa chako. "Kaa hapo, mwanangu, kiti hakimng'ati mtu." Akakaa. Tukamimina chai. Tukazungumza habari ya goti la mama, na Mapengo akamwambia wao wawili wakiunganishwa angepatikana mtu mmoja mzima. Mama alicheka, mdogo wangu. Tangu mwezi wa pili sikuwa nimemsikia akicheka.

Patasi akaingia kwa mlango wa uani, bila hodi. Mkono mmoja umeshika shoka linalonolewa kila jioni, mwingine karatasi ya posta.

Akasema, "Ondoka kwenye kiti changu."

Mapengo alidhani ni utani, kwa kuwa Patasi alikuwa mtu wa utani zamani. "Kiti chako tangu lini, Patasi? Na wewe umechongwa kwenye gogo hili?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

Akalinyanyua shoka. Pigo la kwanza lilipita begani palepale palipopona. La pili lilipita shingoni. Mama alijirusha katikati, na mpini ukamvunja kifundo cha mkono. Nilimshika Patasi kiunoni. Alinitikisa kama unavyotikisa koti lenye vumbi. Alipiga hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kupigwa, hadi ubao wa mgongo wa kiti ukapasuka. Damu ilikuwa ndani ya vikombe. Kisha akausukuma mwili chini kwa mguu, akaketi yeye, akaliweka shoka mapajani, akaninyooshea karatasi kwa adabu yake ile ile ya kila siku.

Nimeisoma. Maneno sita. "Kiti changu nimekupa. Maliza kabla sijatua."

Nilipiga simu uwanja wa ndege kutoka kituo cha polisi. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka uambiwe. Bwana mmoja mstaarabu akanijibu kwamba ndege iko njiani, imebakiza saa nne, na abiria hawezi kuitwa. Hayo ulinieleza mwenyewe. Ulizichagua vizuri saa zako.

Patasi amechukuliwa. Hakukataa lolote, alisema tu kwamba anasubiri mwenye kiti afike aeleze. Mama yuko hospitali na anauliza kama umekula ndani ya ndege. Ndugu zake Mapengo wamesimama nje ya lango, wanahesabu magari yanayoingia. Nimewaambia wewe ndiye uliyetuma neno. Ushahidi wangu ni ule ule, sina mwingine wa kuwapa watu wangu.

Tulifundishwa kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imeua, na aliyeuawa hakuwa nyoka.

Ndege uliyokuja nayo itageuka baada ya saa mbili. Dereva nimemwagiza asikushawishi. Kiti tumekiosha, bado kimelowa. Ni chako, hakuna mwingine wa kupewa.

Dada yako


17 Juni 1983, kwa mkono wa dereva huyo huyo

Dada,

Barua nimepewa kabla sijapata begi langu. Nimeisoma nimesimama, maana safari hii hukuniambia niketi.

Ndege inanyweshwa mafuta. Ile sauti naijua, ndiyo kazi yangu. Watu wanapanga foleni kurudi nilikotoka, na mmoja ameniuliza kama mimi ndiye wa mwisho. Nimemwambia apite.

Nimemuuliza dereva ni umbali gani hadi nyumbani. "Nusu saa, bosi, barabara ikiwa safi." Nikamwomba aende polepole. Akasema gari hili halijui polepole, lina mawili tu, kwenda na kuharibika.

Basi nimempa begi, na pasipoti yangu ndani yake. Atangulie navyo akukabidhi, ili uwe na uhakika. Mimi nakuja nyuma yake kwa miguu. Nitapitia kwanza kituo cha polisi, nimweleze Patasi kwamba sikuwa na kiti cha kumpa.

Waambie walio langoni nimevaa koti la kijivu. Mama mwambie nilikula.

Kiti kisikaushwe.